Maji Yaliyokuwa Kwenye Fomu ya Fisi

Mwaka huo jua liliwaka mpaka kinyonga akaacha kubadilika rangi. Kila alikotazama aliona vumbi, naye akabaki na rangi ya vumbi, akasema bora apumzike. Mto ulibaki jina tu. Wanyama waliamka na kiu, wakalala na kiu, na hapo katikati wakagombana.

Aliyekuwa akifanya kazi ni Mhanga peke yake, yule mwenye masikio ya punda na pua ya nguruwe, aliyepewa kucha za kuchimba akanyimwa sura. Alichimba mashimo arobaini na moja akitafuta maji, asipate hata tone. Lakini mashimo hayakukaa bure. Kila alipotoka yeye, mwingine aliingia. Fisi alihamia shimo la kumi na saba, akapanga mafupa mlangoni, akawa anawaambia wapita njia, "Karibuni kwangu."

Ndipo akaja Korongo. Yeye huja kila mwaka, baridi ikianza kwao, na safari hii alikuja na habari. Kwao kuna shule ya kusoma ardhi. Ukitoka pale unajua maji yalipo kabla hujagusa udongo. Alikuwa na nafasi moja tu ya ufadhili: safari, malazi na chakula, kisha urudi kuwachimbia wenzako.

"Chakula mara ngapi?" akauliza Fisi.

"Mara tatu."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku."

Fisi akakaa chini.

Waombaji walitakiwa kujaza fomu, kuandika barua ya kujieleza, na kuleta barua ya mtu anayewafahamu. Fomu zilikuwa za ngozi ya mbuzi, maana karatasi haistahimili safari ya angani. Fisi akapewa ya kwanza, akaila. Akaomba ya pili, akaila. Ya tatu Korongo alimkabidhi huku kaishikilia upande mmoja. "Bwana, hii ni ya kuandikia."

Barua ya mtu anayekufahamu ilitoka kwa Simba, kwa kuwa ndiye mwenye muhuri. Simba alikuwa na barua moja kwa wote, kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulieleza manyoya ya Simba, wa pili sauti ya Simba, na wa tatu jinsi Simba asivyopenda kujisifu. Chini kabisa, karibu na muhuri, paliandikwa: "Mwombaji ananifahamu."

"Mzee," akasema Mhanga, "mbona hapa hapana neno hata moja kuhusu mimi?"

"'Mwombaji' ni nani kama si wewe? Shukuru. Barua ya Twiga hata hilo nilisahau."

Barua ya kujieleza ndiyo iliyowatoa watu jasho. Sungura alikaa njia panda na kalamu sikioni, akiwaandikia wavivu. Malipo yake: umbebe mgongoni mpaka aseme basi.

"Haya, kaka Fisi. Umefanya nini katika maisha yako?"

"Nimekula."

"Kingine?"

"Nimelala."

"Na kati ya kula na kulala?"

Fisi akafikiri sana. "Nimecheka."

"Hayo hayampeleki mtu shule. Mwenzako Mhanga ameandika mashimo arobaini na moja."

"Na mimi niandikie arobaini na moja."

"Uliyachimba lini?"

"Si nakaa ndani ya mojawapo? Anayelala shimoni na aliyepita tu akichimba, nani analijua shimo?"

Sungura akaandika. "Ila Mhanga kasema yote makavu."

"Makavu! Mpumbavu gani anaomba shule kwa mashimo makavu? La kwangu tia maji."

"Maji, kaka? Watu wana kiu. Maji yataulizwa."

"Tia! Tena ya baridi. Tena yafurike."

Sungura akamtazama, akachovya kalamu. "Yawe matamu?"

"Matamu sana."

Sungura akamaliza, akapanda mgongoni. Wakiwa njiani wakampata Mhanga na barua yake mkononi, mwandiko umelala kama nyasi zilizokanyagwa. Sungura akainyakua, akasoma kwa sauti: "Shimo la kumi na saba: udongo una unyevu mikono sita kwenda chini, halafu mwamba. La kumi na nane, hatua tatu pembeni: majivu matupu. Sijui kwa nini. Nataka kujua." Akashusha pumzi. "Bi Mhanga, umeandika kushindwa juu hadi chini. Hata mtu anayeposa hasemi hivi. Nikuongezee tone moja?"

"Ningekuwa na tone ningelinywa," akasema Mhanga, akachukua barua yake.

Siku ya usaili wanyama wote walikusanyika, na kila mmoja alikuja na ndoo, maana siku hizo hakuna aliyetoka nyumbani bila ndoo. Korongo alisimama juu ya kichuguu kwa mguu mmoja.

"Nimesoma kurasa mia moja na ishirini kuhusu Simba," akaanza. "Hazisemi lolote kuhusu ardhi. Tunasikitika, hakuchaguliwa."

"Mimi sikuomba!" Simba akanguruma.

"Ahsante kwa kujaribu. Anayefuata."

Anayefuata alikuwa Fisi. Korongo akafungua barua yake, akaisoma mbele ya watu. Ilipofika mahali pasemapo kwamba shimo la kumi na saba limejaa maji baridi, matamu sana, hata yanafurika, kila shingo ikamgeukia Fisi.

Mke wa Ngiri akaweka ndoo yake chini. "Kwa hiyo, shemeji, tangu mto ukauke wewe una maji."

Fisi akamtazama mke wa Ngiri. Akamtazama Korongo. Akikana, barua ni ya uongo na nafasi imekwenda. Akazikumbuka zile mara tatu kwa siku, mate yakamjaa.

"Ninayo," akasema.

Hawakumngoja aeleze. Nyati alikwenda mbele, nyuma yake punda milia, nyani, Kiboko na ndoo zao, na Sungura akashuka mgongoni kwa Fisi mapema, maana aliona njia itakuwa na watu wengi. Fisi akakimbia kuwawahi mlangoni, akawahi, na hapo ndipo alipokosea. Wakamsukumia ndani wakaingia naye. Wakatoa mafupa, wakatoa sufuria ya mke wa Ngiri iliyopotea mwaka juzi, wakatoa kona mbili za fomu zilizotafunwa. Dari ikashuka.

"Maji yako wapi?" wakapiga kelele.

"Yako kwenye fomu!" akalia Fisi kutoka chini ya Kiboko.

Kwenye kichuguu alibaki Korongo, na mbele yake Mhanga, amekaa na ndoo yake.

"Wewe huna kiu?"

"Ninayo."

"Mbona hukukimbia?"

"Lile shimo nililichimba mimi. Najua lina nini."

Korongo akaikunja barua yenye mwandiko uliolala. "Kafunge mzigo."

Mhanga alibebwa na korongo wanne, amefungwa ndani ya kanga, masikio yananing'inia nje, na waliobaki chini walicheka mpaka wakazidi kupata kiu.

Baada ya mwaka mmoja akarudi. Hakuhutubia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kifusi cha nyumba ya Fisi, akaugonga mwamba huku na huku akisikiliza, akauvunja mahali pamoja. Maji yakatoka. Yalikuwa baridi, matamu, yakafurika.

"Si nilisema?" Fisi akaruka. "Si nilisema, mkanibomolea nyumba!"

"Ulisema," akajibu Sungura. "Foleni inaanzia kule."

Simba hakuwepo. Alikuwa akiandika rufaa, amefika ukurasa wa tisa.

Fisi akapangwa nyuma ya kinyonga, na kinyonga alikuwa ameanza tena kubadilika rangi, hana haraka. Basi nawe unayetaka kwenda kusoma, fanya kitu kwanza ndipo uandike. Fomu itakubali lolote, lakini watu watakuja na ndoo.