Okidi ya Mama Nkunde

"Mzizi wenye jeraha haunyweshwi, hungojewa." Maneno hayo Bi Semeni aliwaambieni juzi, mliporudi kutoka kwa mwenzenu Zawadi mkinung'unika. Amefiwa, mmempelekea pole na chakula, naye hakutaka hata kusema nanyi. Sasa mnaniuliza methali hii imetoka wapi. Ilianza hapa hapa kitaluni Soni, na aliyekosea ni Bi Semeni mwenyewe.

Kitalu hiki kilikuwa cha kaka yake, Mzee Hoza. Mimi nilikuwa nikijaza udongo viriba vya miche. Mwaka huo binti pekee wa mzee, Nkunde, alirudi nyumbani baada ya kuzika mtoto wake wa kwanza, wa miezi minne. Alikuja amenyamaza. Alikaa barazani akitazama miguu yake, wala hakulia.

Bi Semeni alimpenda sana, na mapenzi yake yalikuwa na kelele. Alimletea uji asubuhi, mchana na jioni. Alimwuliza mtoto aliugua nini, mumewe alisemaje, analala au halali. Akawaleta na majirani, kila mmoja na msiba wake wa kusimulia. Nkunde akazidi kukonda. Baba yake akaanza kuogopa kwamba atampoteza na yeye.

Pale barazani palikuwa na okidi moja nyeupe, aliyoiacha marehemu mke wa Mzee Hoza, mama yake Nkunde. Mizizi ilikuwa imefurika nje ya chungu, na magome ya miti yaliyojazwa ndani yameoza yakawa tope. Mzee alingoja imalize maua, kwa sababu okidi haihamishwi ikiwa imechanua. Siku ua la mwisho lilipoanguka, na ncha za mizizi mipya zimeanza kuchungulia, alimwita binti yake amsaidie.

Hakumwuliza lolote. Waliloweka mizizi ilainike, wakaitoa taratibu. Nkunde akashika mkasi. Mzizi mgumu aliuacha. Uliobonyea aliukata, akapaka unga wa mkaa pale alipokata. Wakaipanda katika chungu kilichozidi kile cha zamani kwa upana wa kidole, kwa magome mapya na vipande vya mkaa. Mzee akasema isitiwe maji siku saba, akarudi kazini.

Siku ya tatu Bi Semeni aliona majani yamesinyaa kidogo. Akaihurumia. Alijaza kata, akamimina mpaka maji yakatokea chini. Kesho yake akarudia, na siku iliyofuata tena.

Siku ya saba Mzee Hoza aliinua chungu, akanusa harufu ya kuoza, akakaa chini.

"Nani ameinywesha?"

"Mimi, kaka," Bi Semeni akasema, bakuli la uji mkononi. "Ilikuwa inakufa kwa kiu, na wewe unaipita tu. Kile ni kitu cha wifi yangu."

Mzee alifungua mdomo, lakini aliyesema ni Nkunde. Kwa wiki tatu hatukuwa tumeisikia sauti yake.

"Shangazi, mizizi hii tumeikata. Ukimwaga maji juu ya kidonda, yanaingia ndani na kuiozesha. Haikuwa na kiu. Ilikuwa inapona. Na mimi pia, shangazi. Msinimwagie."

Bi Semeni aliweka bakuli chini. Akakaa karibu naye mkekani, akafunga mdomo, na kwa Bi Semeni hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko kulima. Nkunde akamwegemea begani. Ndipo alipolia.

Okidi waliitoa, wakaikata tena. Ilibaki na mizizi mitatu. Wakangoja. Kila asubuhi Bi Semeni alikuja na mboga zake, akachambua kando ya Nkunde, hakuuliza kitu. Majirani aliwarudisha kutoka mlangoni.

Siku ya kumi na moja tangu ikatwe mara ya pili, mzizi mmoja ulitoa ncha ya kijani, ndogo kama punje ya mchele. Nkunde ndiye aliyeiona kwanza. Akachota maji nusu kikombe, akaitilia kidogo kidogo. Kisha akageuka.

"Shangazi, uji upo?"

"Upo, ila umepoa."

"Lete hivyo hivyo."

Okidi yenyewe ndiyo ile pale dirishani, mnaipita kila siku. Basi kesho mkienda kwa Zawadi, maswali yenu yaacheni hapa. Kaeni naye tu. Mzizi wenye jeraha haunyweshwi, hungojewa.