Kuku wa Chini ya Tenga

Kulikuwa na mama mmoja mfugaji wa kuku, na sifa zake zilienea kata nzima. Ukitaka mayai ya kuangulisha, kwake. Ukitaka jogoo wa mbegu, kwake. Hata mke wa diwani alifika na kikapu chake, akapanga foleni kama wengine. Mama wa watu akaanza kutembea kwa maringo kidogo. Mnacheka? Ungekuwa wewe usingeringa?

Basi, ugonjwa ukaingia bandani. Leo kuku anasinzia na kuhara kijani, kesho kutwa amekufa. Mama akanunua chanjo dukani, akachanja, wakazidi kufa. Roho ikawa juu, maana mle bandani mlikuwa na kuku wachanga waliokaribia kuanza kutaga, na ndio aliokuwa akiwategemea. Lakini je, alimwambia mtu? Thubutu! Waliokufa aliwazika nyuma ya jiko. Anayeumwa alimfunika kwa tenga, na juu ya tenga akatupia gunia. Wateja wakija:

"Shoga, kuku hawajambo?"

"Hawajambo kabisa, karibu!"

Siku moja akasikia kuna daktari wa mifugo kwenye kituo cha utafiti, anatengeneza chanjo ya ugonjwa ule ule, na anaomba wafugaji wampelekee kuku. Mama akafurahi, akaingia bandani kuchagua. Alimchagua nani? Eeh, mmeshamjua! Akamkamata jogoo mwekundu, kifua mbele, akamwosha na miguu. Jamani, kuku anakwenda kwa daktari, anaoshwa miguu!

Daktari akampokea, akamgeuza huku na huku, akatabasamu. "Hongera, mama, huyu ni mzuri. Lakini chanjo siipati kwake."

"Kwa nini, daktari? Nimekuletea aliye bora kuliko wote."

"Ndiyo maana. Chanjo ya dukani imekataa kwa sababu vimelea vya huku kwenu ni vya aina nyingine. Navitaka hivyo hivyo. Nivitoe kwa kuku anayeumwa, niviue, kisha niwachome navyo walio wazima, ili miili yao iujue ugonjwa kabla haujawafikia. Nyumbani huna anayeumwa?"

Aibu ikamshika mama mpaka machozi yakamlenga. Kumtoa yule mgonjwa maana yake ni kupita naye barabarani mchana kweupe, watu wote wamwone. Lakini akawakumbuka wale wachanga. Akarudi nyumbani, akaondoa gunia, akainua tenga, akamweka mgonjwa kwenye boksi lililo wazi, shingo imelegea. Hajafika mbali, jirani anayetoka bombani akamwona.

"Ala! Kumbe hata kwako?"

"Hata kwangu, mwenzangu. Wanakwisha."

Jirani akashusha ndoo. "Basi nisubiri. Na mimi ninaye mmoja, nimemficha stoo."

Mpaka wanafika kituoni ulikuwa msururu wa kina mama, kila mmoja na mgonjwa wake. Kazi ilichukua muda. Daktari alijaribu kwanza kwa kuku wachache, alipoona wamekuwa salama ndipo akachanja mabanda yote. Yule wa chini ya tenga hakupona. Lakini wale wachanga wakataga, na mama aliposhika yai la kwanza, bado lina joto, alipiga vigelegele peke yake pale bandani. Na jogoo je? Yule aliyeoshwa miguu? Wakamla kwa wali, daktari ndiye mgeni wa heshima.

Sasa tuje kwetu sisi. Kila Jumapili tunaingia hapa na majogoo tuliowaosha miguu. "Ndoa inaendeleaje?" "Safi, mchungaji." "Na watoto?" "Mungu ni mwema." Kumbe nyumbani kuna tenga, na juu yake gunia! Kwa mmoja ni chupa. Kwa mwingine ni ndugu ambaye hamjasemezana tangu ule msiba. Tunamwomba Mungu atuponye, halafu kile anachotaka kukishika ndicho tunachomficha. Jogoo wako Mungu anampenda, usidhani anamkataa. Ila jogoo haumwi.

Na wewe uliyekaa kando ya mwenzako, ukimwona leo anapita na boksi lake, usimcheke. Shusha ndoo yako, nenda stoo.