Nungunungu Aliyefuata Mke, na Muhuri wa Simba

Msimulizi wenu anaomba radhi kwa kuchelewa. Mtu huyu amewahi kushuka Bombei, akashuka Hamburg, akazunguka Jidda yote kwa miguu bila kuuliza njia. Leo kapotea mtaa wa pili kutoka kwake. Kaona nyumba yenye viatu vingi mlangoni, kavua vyake, kaketi katikati ya mkeka, kakohoa, kapaza sauti: "Niwatilie?" Watu kumi na wanane macho yamewatoka. Kumbe ni posa, na baba wa binti ndiyo kwanza anafungua mdomo kutoa jibu! Mama mmoja pembeni akauliza, "Baba, wewe umetumwa na upande gani?" Msimulizi akaokota kiatu kimoja, akatoka. Cha pili kiko kule kule.

Haya, chekeni. Mkimaliza mnijibu.

"Niwatilie?"

"Tutilie!"

"Chumvi au sukari?"

"Vyote, na uongo juu yake!"

Basi zamani, mto ulipokuwa ndio mpaka na mamba ndio askari wake, palikuwa na Nungunungu, na wenzake wakimwita Nungu. Nungu alikuwa fundi wa kushona. Alishona mikoba, alishona magunia, na ukipita mbele yake na kitu kimepasuka, vidole vilimwasha. Sindano hakununua. Akitaka sindano alijipapasa mgongoni, chwa! akachomoa moja. Mkewe, Mwanamiiba, alikuwa mchimbaji. Akitia kucha ardhini, fuku-fuku-fuku, adhuhuri haijafika umeshapata vyumba vitatu na ukumbi.

Siku moja ikaja barua kutoka Ng'ambo ya Mto. Wenyeji wa huko wanamtaka Mwanamiiba akawachimbie maghala ya viazi kwa mavuno saba.

Mwanamiiba akasema, "Mume wangu, twende."

Nungu akasema, "Twende."

Majirani waliposikia walishika vichwa. "Lahaula! Mume anamfuata mke?"

"Kama mkia!"

"Sasa huko yeye atakuwa nani?"

Nungu alikuwa na maumbile yake: akishtuka, miiba yote ilisimama wima, shwaaa! Siku ya kuagana alishtuka sana kwa maneno ya watu, na wote waliomkumbatia walirudi kwao na matundu.

Wakavuka. Ukingoni, juu ya jiwe kubwa, alikaa Simba, Mkuu wa Vibali. Kulia kwake muhuri, kushoto kwake rundo la mifupa. Akamgongea Mwanamiiba, pu! Akamgeukia Nungu.

"Na wewe umekuja kufanya nini?"

"Nimefuatana na mke wangu, Mheshimiwa."

Simba akacheka mpaka jiwe likatikisika. "Dume zima! Limefuata mke! Tangu nizaliwe sijaona! Sikiliza, wewe mkia. Sheria ya hapa inasema mwenza aliyekuja kwa kufuata ndoa hagusi kazi bila kibali changu. Akigusa, anarudishwa mtoni siku hiyo hiyo, kwa kuogelea. Mkewe anabaki kumaliza mkataba. Una vifaa vya kazi?"

"Sina."

"Na hizo sindano mgongoni?"

"Huu ni mwili wangu, Mheshimiwa."

"Mwili huo una nia ya kufanya kazi," Simba akasema. "Nitauangalia."

Nungu akatupa jicho mtoni. Mamba mmoja akapiga mwayo taratibu. Mavuno saba mbali na Mwanamiiba, na kwanza apite kwenye mwayo ule! Miiba ikasimama, shwaaa!

Siku ya kwanza Nungu akafagia. Siku ya pili akafagia alipokwisha kufagia. Siku ya tatu jirani yao, Ngiri, akaja na mkoba umeachia chini.

"Shemeji, nasikia wewe fundi. Nishonee."

"Siruhusiwi."

"Mshono mmoja tu!"

"Shemeji, kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huku siku ya tatu mgeni anaambiwa akunje mikono. Ondoa huo mkoba machoni pangu kabla sijalia."

Mwanamiiba aliporudi kutoka machimboni alimkuta mumewe anahesabu miiba yake mwenyewe. Hakumcheka. Akamwambia, "Baba, utaharibika. Nenda kaombe kibali."

Kumbe fomu ya kibali ilikuwa haisomeki bila paja. Ndivyo Simba alivyosema: "Macho yangu hayaoni maandishi nikiwa na njaa." Basi ujira wa viazi wa Mwanamiiba ukabadilishwa kwa Fisi mchinjaji, likapatikana paja moja.

Nungu akashika njia, tiki-tiki-tiki. Akapanga foleni, jua likamchoma. Akafika. Simba akala paja, kafu! kafu! akalamba mkono, akainua muhuri. Pu! "Haijakamilika. Nitajuaje kama ni mke wako kweli? Leta mashahidi."

Nungu akashtuka. Shwaaa!

Wiki ya pili akashika njia tena, tiki-tiki-tiki, na paja na mashahidi. Simba akala paja, kafu! kafu! akawauliza mashahidi, kisha akamgeukia yeye.

"Mkeo hulalia ubavu gani?"

"Wowote nisiochomwa nao."

"Anakoroma?"

"Mheshimiwa, hayo ni mambo ya ndani!"

"Ndiyo maana nayauliza nje." Pu! "Haijakamilika. Leta barua ya mama mkwe wako, athibitishe kuwa hukumtorosha binti yake."

"Mama mkwe wangu alishafariki, Mheshimiwa."

"Pole sana," Simba akasema. "Basi aje mwenyewe."

Nungu alishtuka kweli kweli. Miiba ilisimama kwa nguvu hata mitatu ikaruka, na foleni yote nyuma yake ikalala chini.

Akatoka penye foleni, akajibwaga kivulini. Pembeni yake palikuwa na simba jike mzee, mbavu nje kama uzio. Kila siku alikuwepo pale.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Amekunyima?"

"Ananitaka nimlete mama mkwe wangu kutoka kaburini."

Bibi akacheka kicheko kikavu. "Mimi mama mkwe wake niko hai, na hanioni. Wanangu wanawinda, yeye anakula. Mapaja yenu anakula. Mimi nakaa hapa nangoja mfupa."

"Wewe ni mkwewe? Basi bibi umekuja huku lini?"

"Nije kutoka wapi? Mimi Mwatima nimezaliwa chini ya jiwe lile. Hujui sisi simba? Majike tunabaki kwetu. Madume ndiyo yanayohama. Huyu tulimwona siku moja anavuka mto, upele mwili mzima, anawafuata wanangu. Tukamwonea huruma."

Mwiba mmoja wa Nungu ukasimama, wa pili, wa tatu, mpaka wote. Shwaaaa!

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "alivuka? Kwa kufuata ndoa?"

"Sasa alifuata nini kingine? Upele?"

Na ninyi mnajua mkwe alivyo. Mkwe mwanamume hamkodolei macho mama mkwe, habishani naye, wala hatafuni mbele yake. Ndiyo maana Simba hakuwahi kumkaribisha jiweni. Nungu akamsogelea bibi sikioni, akanong'ona, na bibi aliposikia akaanza kujipangusa vumbi.

Wiki ya tatu Nungu hakwenda tiki-tiki. Alikwenda kokoto-kokoto, yeye mbele, Mwanamiiba nyuma, wanaburuta gunia kubwa lililoshonwa mdomo. Foleni ikapisha. Wengine wakasema, "Yarabi, huyu leo kaleta ng'ombe mzima!"

Simba akanyoosha shingo. Udenda ukadondoka, to! to! "Ni nini hicho?"

"Leo sikuleta paja, Mheshimiwa. Nimeleta mzigo wote."

"Fungua."

"Nafungua." Lakini Nungu akawa kwanza anatafuta ncha ya uzi.

Simba akainama kunusa gunia, kisha akasita. Akaangalia mshono. Ulikuwa mshono mzuri, mwembamba, wa mapigo sawasawa. Fundi hajui kushona vibaya hata akiwa hatarini.

"Nani kashona hili?"

Nungu akasogea mbele ya gunia.

"Nani kashona?" Simba akanguruma, na mamba mtoni wakajisogeza karibu. "Umefanya kazi! Umefanya kazi bila kibali! Ushahidi huu hapa, na umeuburuta mwenyewe!"

Mwanamiiba akamshika mumewe mkono. Nungu alihisi mkono ule unatetemeka. Lakini akauliza, "Mheshimiwa, kwani kushona ni kazi?"

"Kazi!"

"Na kuchimba?"

"Kazi!"

"Na kupiga muhuri?"

"Khaa! Hiyo ndiyo kazi kuliko zote! Tazameni mkono wangu ulivyoota sugu!" Akauinua, foleni nzima ikaona.

"Na mwenza aliyevuka kwa kufuata ndoa, akafanya kazi bila kibali?"

"Anavushwa! Leo! Hasikilizwi!"

"Hata awe nani?"

"Hata nikiwa mimi!"

"Umesikia, bibi?" Nungu akavuta uzi. Frrrr! Gunia likafunguka, na ndani akachomoza Bi Mwatima, makapi kichwani, akakaa wima mbele ya mkwewe.

Jamani! Manyoya yote ya Simba yalisimama. Msimulizi wenu ameshawahi kuona mtu amekanyaga waya wa umeme, ndivyo. Simba akafunika uso kwa mkono ule ule wenye sugu. "Shi... shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kibali chako kiko wapi?"

Foleni yote ikavuta pumzi kwa pamoja: hiiii!

"Mama, si unajua..."

"Nakujua. Siku ulipovuka nilikukanda upele kwa mikono hii. Kibali sikukiona."

Simba akageuka kutafuta msaada, akakutana na wake zake wamefika kutoka mawindoni. "Wake zangu, semeni kweli! Mimi nimewahi kufanya kazi?"

Wake zake wakajibu kwa sauti moja, "Hata siku moja!"

"Umeona, mama? Sijafanya kazi! Kupiga muhuri ni kuinua mkono na kuushusha tu!"

"Aa," Nungu akasema, "kumbe kuinua mkono na kuushusha si kazi?"

"Si kazi!"

"Mbona kushona ndiyo hivyo hivyo? Naupandisha, naushusha."

Simba akaangalia mto. Mamba mmoja alikuwa amekwisha kutoa kichwa, anamtazama yeye, si Nungu. Akauweka muhuri chini.

Bi Mwatima akanyoosha mkono, akauchukua muhuri. Akamwuliza Nungu, "Mwanangu, huyu ni mkeo?"

"Ni mke wangu."

"Mtu hatetemeki hivyo kwa ajili ya mume wa uongo," bibi akasema. Pu! "Kashone."

Nungu alishtuka mara ya mwisho, ila kwa furaha. Shwaaaa! Mwanamiiba akamkumbatia hivyo hivyo, maana wao huchomana tangu harusi. Kufika nyumbani wakamkuta Ngiri mlangoni na mkoba wake, na nyuma ya Ngiri ukoo mzima, kila mmoja na kilichopasuka.

Basi hapo watoto, na wakubwa wenye akili za kitoto, mafunzo ni haya. Ukiwa ugenini, tii kila unaloambiwa, usiulize maswali, usishone magunia, na mama mkwe wa mtu umwache alipo. Heshimu ofisi, kwa kuwa ofisi haikosei. Nami mwenyewe nimeishi ugenini miaka mingi kwa kufuata mafunzo haya, ndiyo maana nilifukuzwa mara mbili.

Nimewapakulia, nimekwangua hadi chungu; mwenye njaa akapike ya kwake.

Eti? Nani kauliza? Simba? Simba hakuvushwa, wake zake walimwombea. Lakini siku ya pili alikuja pale jiweni, kichwa chini, kwa adabu zote za mkwe, akapita pembeni ya foleni na kusimama mbele ya Bi Mwatima.

"Mama," akasema taratibu, "mimi si wa kupanga foleni na wageni. Mimi ni mkweo."

Bibi hakuinua hata macho.

"Mkwe naye mgeni. Rudi nyuma."