Chungu Kilichomtaka Bi Mize

Hadithi njoo, na asiyeweza kutembea aletwe! Bi Mize, mwonja chumvi wa harusi zote kijijini, aliugua ini. Majirani wakaacha kumwalika, eti apumzike. Akabaki kitandani akisikia vigelegele vya wenzake na kulia.

Harusi moja, chungu cha pilau kikagoma kuchemka. Wakaongeza kuni, kimya. Wakakibembeleza, kimya. Wakakiimbia, kikafoka: "Mize wangu yuko wapi?"

"Mgonjwa, bwana chungu!"

"Anaumwa ini. Na ulimi pia?"

Wakambeba na kitanda chake mbiombio. Chungu kikatokota! Mize akaonja, akakunja uso.

"Jamani, mgonjwa ni mimi, mbona pilau ndiyo inayokata roho? Chumvi!"

Tangu hapo, mwaliko wa kwanza huenda kitandani kwake. Hadithi yangu imeiva. Mpakulieni mgonjwa, nasi tule.