Unyusi wa Mzee Sekibaha

Zamani, wanangu, vibonzo havikuwa na nyuso za maana. Mchoraji alitia nukta mbili akaziita macho, akavuta mstari akauita mdomo. Fisi alifanana na sungura, sungura alifanana na kiazi, na watoto wakabaki kupiga miayo.

Siku hizo pale Muheza aliishi Mzee Sekibaha, mwigizaji aliyewahi kujaza ukumbi wa sinema mpaka watu wakakosa pa kusimama. Alikuwa na jambo lake moja: kila alipotaka kumdanganya mkewe katika filamu, unyusi wa kushoto ulipanda wenyewe, na ukumbi mzima ukapiga kelele, "Huyooo, anadanganya!" Lakini filamu zake zote zilioza stoo kwa unyevu. Vijana wakawa wanampita kama nguzo ya umeme, na hilo lilimuuma kuliko magoti yake. Nikifa, alijiambia, sura hii nayo imekwisha.

Basi palikuwa na mchoraji, Nambua, aliyempenda Sekibaha tangu utotoni. Akamtia kwenye kibonzo chake kipya cha sinema. Ila, jamani, alimfanya fisi! Tena bila kumwomba ruhusa.

Habari zilimkuta mzee kwa kinyozi. Fisi! Yeye, na heshima zake zote! Alitoka na povu la sabuni shavuni, fimbo mkononi, moja kwa moja hadi ukumbini.

Akakuta watoto wamejaa tele. Kwenye pazia, simba alikuwa akiuliza nani amekula nyama. Fisi hata hajafungua mdomo, unyusi ukapanda. Ukumbi mzima: "Huyooo, anadanganya!"

Mzee akakaa kitako. Miaka thelathini hakuwa ameisikia kelele ile. Akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

Nambua alipomwona akaja mbio, akapiga magoti. "Shikamoo, baba. Nisamehe, nitaifuta sura yako."

"Marahaba. Ufute nini? Siku nyingine uliza kwanza, mwanangu. Halafu ni unyusi wa kushoto. Umeninyanyulia wa kulia, nawe unajiita mchoraji!"

Na tangu siku hiyo wachoraji wa vibonzo hawaanzi na kalamu. Huketi kwanza wakawatazama waigizaji wa zamani, wakaazima kidevu kwa huyu, mwendo kwa yule. Na mwenye sura akiwa hai, humwomba. Sekibaha tulishamzika. Lakini watoto waliozaliwa baada ya msiba wake wanamjua vizuri tu, na mpaka leo hawamwamini hata kidogo.