Kibuyu cha Jemutai

Hebu pigeni picha, wanangu: mama amesimama mlangoni, ameshika kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Kwao milimani, mwanariadha akirudi na ushindi hunyweshwa maziwa hayo kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama aliyaandaa kwa ajili ya binti yake, Jemutai. Lakini Jemutai alianguka uwanjani akiongoza mzunguko wa mwisho, akarudi ndani ya jeneza.

Katika kambi yake ya mazoezi walikuwepo watu watatu. Chumo, mshika saa, hakusahau muda wa mkimbiaji yeyote. Tapkigen, mkandaji, aligundua maumivu kwa vidole kabla hujayataja. Naye Cheptoo, mpishi, hakuna kilichopita jikoni kwake asikione.

Mpelelezi alipofika kambini, kocha wa Jemutai alisema, "Moyo wake ulikuwa dhaifu tu."

Chumo akafungua daftari. "Afande, kila Jumanne muda wake ulipungua sekunde nne kuliko siku nyingine. Ni ugali gani unaompa mtu kasi hiyo?"

Tapkigen akasema, "Nyonga yake ilikuwa na vinundu vya sindano. Aliniambia kocha humdunga vitamini kila Jumatatu."

Cheptoo akatoa chupa ndogo ya dawa iliyopigwa marufuku. Aliiokota kwenye majivu ya jiko, baada ya kumwona kocha akiitupa. "Vitamini za kuchomwa moto, kocha?"

Ushahidi mmoja peke yake ungepingwa. Kwa ushahidi wa wote watatu, kocha alitiwa pingu.

Baada ya mazishi, mama akawaita wale watatu. "Atakunywa aliyemtendea haki mwanangu. Lakini wa kwanza ni mmoja."

"Bila chupa yangu kocha angeponyoka," alisema Cheptoo.

"Na bila daftari langu, nani angekuuliza habari za chupa?"

"Bila mimi mngebaki na vitu tu," alisema Tapkigen. "Mimi niligusa mwili."

Mama akawasikiliza. Kisha akauliza polepole, "Chumo, sekunde hizo uliziona lini?"

"Machi, mama."

"Tapkigen, vinundu?"

"Aprili."

Cheptoo hakungoja kuulizwa. "Wiki mbili kabla ya mashindano," alisema, akaanza kulia. "Alikuwa anashinda, mama. Tuliogopa kumharibia."

Mama hakumnyooshea yeyote kibuyu, wala hakukiweka chini.

Je, wanangu, nyinyi mngempa nani? Au mngeyamwaga maziwa? Msiharakishe kujibu. Ila nawaomba mkumbuke jambo moja: miezi yote hiyo, kila asubuhi, Jemutai alikunywa chai pamoja nao, na angeweza kuambiwa.