Shati la Mwalimu Kaduma

"Mimi kazi ya huyo binti hata sijaiona," alisema Mwalimu Kaduma, akachovya andazi kwenye chai. "Wala sina haja ya kuiona."

Walikuwa katika chumba cha walimu. Mwalimu wa uchongaji akaacha kutafuna. Mama Nyalusi, mkuu wa chuo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akamtazama Kaduma kifuani.

"Mwalimu," akasema polepole, "hujaiona. Umeivaa."

Kaduma akainamisha kichwa. Kwenye shati lake jeupe, kuanzia mfuko wa kalamu hadi usawa wa kitovu, palikuwa na mchoro wa wino wa kijani: ncha ya kanga iliyofungwa fundo. Mchoro ulikuwa umegeuka, kulia kumekuwa kushoto, kama kitu kinachoonekana kwenye kioo. Lakini hakuna aliyehitaji kuuliza ulikotoka.

Nusu saa kabla ya chai, Kaduma alikuwa ameingia karakana ya wanafunzi kwa kunyata. Bango la Atuganile, huyo binti mwenyewe, lilikuwa limening'inizwa ukutani, nakala mpya, wino bado mbichi. Alilisogelea ili atafute kosa. Hakuliona. Akasogea zaidi. Tumbo likafika kabla ya macho.

"Shati la siku nyingi hili," alijitetea. Lilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

Sasa, ili usimhukumu bure, umjue kwanza. Chuo chao cha usanifu kiko mlimani, juu ya soko la mji. Kila mwaka wanafunzi hufanya maonyesho, na maonyesho yanahitaji sura yake: alama moja, aina moja ya herufi, rangi zake, vikae kwenye mabango, kwenye tiketi na kwenye fulana, mtu akikutana navyo popote ajue ni jambo lilelile. Kwa miaka kumi na moja sura hiyo aliichora Kaduma. Hakuna aliyewahi kumpa kazi hiyo, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Naye hakuwa mtu mbaya. Mwanafunzi aliyeishiwa nauli alijua mlango wa kugonga. Tena alikuwa ametembea: nchi kumi na nne, na alizitaja kwa mpangilio hata ukimuuliza ni saa ngapi. Istanbul alipotea siku nzima akiwa mtaa uleule wa hoteli yake. Osaka mlango ulijifungua wenyewe, akauinamia na kuushukuru. Visa hivyo alivisimulia mwenyewe, na alicheka kuliko waliomsikiliza.

Mwaka ule mada ya maonyesho ilikuwa pesa. Mama Nyalusi akatangaza: "Maonyesho ni ya wanafunzi, basi na sura wachore wao. Mwalimu Kaduma akitaka, naye alete yake tuone."

Kaduma alicheka kwa sauti kuliko wote. Kisha akaenda kujifungia wiki tatu. Alichora sarafu ya dhahabu. Juu ya sarafu akaweka ndege tai, chini yake mizani, na nyuma yake noti za nchi zote kumi na nne alizozitembelea, zimefunguka kama mkia wa tausi. Alipomaliza, alilitazama bango lake mpaka shingo ikamuuma.

Ndipo akasikia habari za Atuganile. Binti wa mwaka wa pili, mpole, hukaa amekunja miguu kwenye kiti na kalamu ameichomeka kwenye nywele. Alikuwa amechora mistari minne. Minne tu! Ncha ya kanga, fundo, basi.

Wivu wa mtu mzima hauna kelele. Kaduma hakumsema Atuganile vibaya hata siku moja. Alisema tu, "Anajitahidi." Alisema, "Ni kazi ya haraka haraka, lakini ina matumaini." Mpishi wa chuo aliposimama mbele ya lile bango na kusema, "Hee, hapa nimeguswa," Kaduma alikosa hamu ya wali. Alichukua rula akapima nafasi kati ya herufi za Atuganile, akiomba zisilingane. Zililingana. Usiku uliopita alikuwa amejaribu kuchora fundo lake mwenyewe, kwa siri. Likatoka kama kitumbua.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa kwamba lilikuwa zuri. Kilichomuuma ni kwamba lilikuwa rahisi, na hakulifikiria yeye.

Sasa pale chuoni wana desturi yao. Kazi mbili zikishindana, haziamuliwi na walimu. Hufutwa maneno yote, zinabaki picha tupu, kisha mtu huzipeleka sokoni akawauliza watu: hii inahusu nini? Watakayoitambua ndiyo hiyo.

"Leo nani anakwenda sokoni?" aliuliza Mama Nyalusi, chai ilipokwisha.

"Mimi," alisema Kaduma, haraka kupita kiasi.

Mama Nyalusi akamtazama kwa muda. Tangu chuo kianze, hakuna aliyewahi kuipeleka kazi yake mwenyewe.

"Haya, nenda, Mwalimu. Nakuamini."

Kaduma akajaribu kwanza kulisugua shati kwa sabuni. Kijani kikazidi kung'aa. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote hadi kooni, akachukua mabango mawili na kushuka. Alipofika kwenye kibanda cha mlinzi, akasimama. Mlinzi alikuwa amekwenda kunywa uji. Kaduma akalichukua bango la Atuganile, akalisimamisha nyuma ya mlango wa kibanda, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Upepo ni mkali, alijiambia. Mabango mawili yatanisumbua. Jioni nitasema kwamba sokoni hakuna aliyelitambua la binti, na huo hautakuwa hata uongo.

Jua la saa saba lilikuwa kali. Wa kwanza alikuwa muuza viatu vya mtumba. Kaduma akanyanyua bango lake.

"Kaka, hili linahusu nini?"

"Kombe," alijibu yule, bila kufikiri. "Fainali ni lini?"

Wa pili, fundi cherehani, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. "Duka la sonara. Ila huyo ndege anauzwa au ni wa ulinzi?"

Wa tatu, muuza sufuria, alianza kutikisa kichwa kabla hajaulizwa. "Mkopo sitaki, bwana. Wenzako walikuja jana."

"Si mkopo, ndugu yangu. Ni sanaa."

"Wote huanza hivyohivyo."

Jasho likamchuruzika Kaduma mgongoni. Akalifungua koti, akalivua, akalitupia begani. Shati alikuwa ameshalisahau. Akaenda hadi kwenye safu ya wanawake wanaouza parachichi, akamchagua mama mmoja aliyemzidi umri, mwenye uso wa upole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Parachichi?"

"Hapana. Naomba uniangalizie hili bango. Linahusu nini?"

Yule mama akaliangalia kwa heshima, kama mtu anavyoangalia picha ya harusi ya watu asiowajua. "Hilo mimi silijui, baba. Lakini hilo la nyuma nalijua."

"La nyuma lipi?"

"Hilo la kifuani kwako."

Na hapo Kaduma akaona kitu. Mkono wa yule mama ulikuwa umekwenda kiunoni bila yeye kuuamuru. Umeshika ncha ya kanga yake, umelitafuta fundo, umelibonyeza kidogo, ukatulia.

"Umenishtua," akasema mama, akicheka. "Nimehakikisha kama pesa zangu bado zipo."

"Hata mimi nimeshika zangu!" alisema jirani yake.

Wa tatu katika safu akanyoosha shingo atazame, na mkono wake nao ukaenda kiunoni. Wa nne vilevile. Safu nzima, mmoja baada ya mwingine, kama wameambiwa. Yule muuza viatu, aliyekuwa amefuata umbea, akajipapasa mfuko wa shati.

"Jamani," alisema Kaduma, "mimi sijauliza habari za shati!"

"Sasa ulilivalia nini?" akauliza mama wa parachichi. "Hebu tuambie, nani kakuchorea? Huyo anaijua pesa. Si hiyo ya ndege na mizani. Hii yetu."

Kaduma akafungua mdomo. Sokoni pale hakuna aliyemjua Atuganile. Neno "mimi" lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Kabla halijatoka, mteja akampa yule mama noti. Mama akageuka pembeni kidogo, akainua ncha ya kanga, akalifungua fundo kwa meno ili atoe chenji.

Kaduma akafunga mdomo. Mama yake alifungua hivyohivyo, kwa meno, siku alipompa yeye, kijana wake, nauli ya safari ya kwanza katika zile zote kumi na nne. Noti zilitoka zimekunjamana, zina joto la mwili. Kaduma alikuwa amekusanya pesa za dunia nzima kwenye bango moja, na hiyo moja aliisahau.

"Ni binti mmoja," alisema. Maneno yalimtoka kama jino la gego. "Anaitwa Atuganile. Mwanafunzi wangu."

"Mpe hongera," alisema mama. "Na parachichi hizi umpelekee."

Alimpelekea. Njiani akalichukua lile bango nyuma ya mlango, akaingia ofisini kwa Mama Nyalusi akiwa na mabango mawili, parachichi nne, na koti mkononi. Atuganile alikuwa pale, vidole vina wino.

"Langu wamelidhania kombe, sonara na mkopo," alisema Kaduma. "La Atuganile sikulipeleka. Nililificha kwenye kibanda cha mlinzi, kwa wivu, na sina neno zuri la kuupaka huo wivu rangi. Lakini lilikwenda hivyohivyo. Kila aliyeliona alishika pesa zake."

Atuganile akaziangalia parachichi, akaliangalia shati.

"Kwa hiyo limepita?" aliuliza.

"Limepita," alisema Mama Nyalusi. "Lichapwe leo. Na wewe, Mwalimu, hiyo safari ya sokoni ilikuwa yako ya mwisho."

"Nimekubali."

"Mimi nina ombi," alisema Atuganile. "Hilo shati nilitundike mlangoni pa maonyesho, liwe kitu cha kwanza watu wanachokiona."

Mtu mwingine angejiendea zake taratibu. Kaduma akalivua pale pale, akabaki na fulana ya ndani, na roho yake ya utani ikaanza kumrudia. Akajikohoza.

"Sawa, binti yangu. Lakini shati ni langu, na kifua kilichochapia ni changu. Jina langu litaandikwa wapi?"

Atuganile hakuinua macho. Alikuwa analikunja shati.

"Kwenye kola, Mwalimu. Usije ukavaa kazi ya mwenzako tena."

Funzo: Ukimwonea mtu wivu, moyo wako umeshakiri kwamba kazi yake ni nzuri; mpongeze kwa mdomo wako mwenyewe, kabla shati halijakusemea.